Chenji

Miaka kumi na mmoja nilisafisha vyumba vya wageni Leicester,
hoteli ya nyuma ya stesheni, vyumba kumi na vinne kwa zamu,
dakika ishirini na mbili kila kimoja,
na Bi Maureen mlangoni na kalamu yake.
Kwa hiyo usinifundishe usafi.
Najua glasi ya mswaki hung'arishwa kwa taulo lipi.
Tangu nijue, nakunywa maji kwa kiganja.

Mwaka huu mimi nami nikawa mgeni.
Scarborough, wiki ya mwisho ya Agosti,
pauni mia na sitini kwa siku mbili, chai ya asubuhi humo humo.
Pichani chumba kilikuwa cheupe kama jino la mtoto.
Shebwana alibeba sanduku ngazi tatu, lifti imelala,
akafungua mlango, akasimama.

Zulia lina doa lenye umbo la Pemba.
Pazia la bafu limeota ukungu pindoni.
Dirisha limepakwa rangi likagandamana na fremu:
bahari tunaiona, hewa yake hatuipati.
Na ndani ya beseni la kuogea
unywele mmoja, mrefu, mwekundu,
umetulia kama mwenye nyumba.

"Tumelipa," akasema Shebwana.
Neno moja tu, kama hakimu anayefunga jalada.

Mimi nilipiga magoti nikachungulia uvunguni, mazoea hayana likizo.
Soksi ya mtoto, ya kijani.
Na vumbi la majuma mawili, nalisoma kama wengine wasomavyo gazeti.
Nikasema: huyu alipewa dakika kumi na tano, labda kumi na mbili.
Akasema: na sisi tulilipia dakika ngapi?

Hapo sikuwa na jibu, na hadi leo sina lililonyooka.
Maana shuka safi ni haki, sibishi.
Kukataa kulala juu ya jasho la mtu usiyemjua si kudeka.
Choo kinukie dawa, kitasa kifunge,
maji ya moto yawe ya moto.
Lakini lile wanalolitaka wengine,
chumba ambacho hakijawahi kulaliwa na binadamu,
wewe wa kwanza tangu dunia iumbwe,
hilo ni kutaka aliyesafisha naye afutwe
pamoja na alama za vidole vyake.

Nilishuka mapokezi.
Kijana wa tai, kifuani ameandikwa Callum.
Nikamweleza ya unywele, ya dirisha, ya ukungu.
Kisha nikamwuliza: anayesafisha ghorofa ya tatu
mnampa dakika ngapi?
Akatazama kompyuta kana kwamba imeandikwa humo.
"Samahani, mama. Hilo sijawahi kuulizwa."
Akatupa ufunguo mwingine.

Chumba cha ishirini na saba hakikuwa na doa.
Shuka zimetulia kama maji ya mtungi.
Dirisha linafunguka, ila linatazama mapipa ya taka,
na shakwe wawili wanagombania mkia wa samaki wa kukaanga.
Shebwana alilala fofofo, ameshinda kesi.
Mimi nililala macho, nikinusa klorini,
viganja vikiwasha pale pale vilipokuwa vikiwasha zamani.

Mgeni siku mbili; ya tatu, mpe jembe.
Siku ya tatu hakuna aliyenipa. Nikajipa.
Wageni wema hutandika kitanda kabla ya kuondoka,
hawajui wanatuongezea kazi, lazima tutandue upya.
Mimi nilivua shuka zote, foronya ndani ya foronya,
taulo nikazirundika ndani ya beseni,
mfuko wa taka nikaupiga fundo,
dirisha wazi, shakwe wapige kelele zao.

Shebwana mlangoni na sanduku:
"Jamani, si tumelipa?"
Tumelipa, nikamwambia.
Dakika nne.
Hii ni chenji yake.